Zipu za Kichwa cha Mama Mbeti

Jumatatu, 3 Machi
Leo kwenye simu nimemwona daktari mzungu akishika kichwa cha mtu kimya kimya, kama fundi redio anayetafuta stesheni. Anasema mifupa ya fuvu haijagandana. Inasogea, kidogo sana, na mkono uliozoea huhisi. Picha ikaonyesha maungio yake: meno kwa meno. Zipu tupu. Na mimi natengeneza zipu za mabegi hapa Kariobangi mwaka wa kumi na tisa, juani.

Mama Mbeti, mwenye vibanda, anaumwa kichwa tangu Krismasi. Kibanda chake kimoja kiko wazi. Omolo kinyozi anakitaka. Mimi pia. Sasa nina njia.

Jumanne, 4 Machi
Mazoezi. Kichwa cha mke wangu Triza: kimesogea mara nane kwa dakika. Nikarudia: kumi na nne. Akaniuliza, Baba Annah, unatafuta chawa? Changu mwenyewe: sita. Labda ni fuvu la kufikiri polepole. Lakini utosi wa mtoto mchanga hupumua, kila mama anajua. Nani alisema sisi wakubwa tuliacha?

Alhamisi, 6 Machi
Nimemweleza Mama Mbeti. Kacheka. Halafu akaweka sharti: nifungwe macho mbele ya watu, nisome kichwa atakacholeta. Nikiweza, kibanda changu. Nikishindwa, cha Omolo. Omolo akasema ameshika vichwa miaka ishirini, na kilichowahi kusogea ni mteja akipokea simu.

Jumamosi, 8 Machi
Nikafungwa macho kwa leso. Nikawekewa mikononi kichwa kilichoviringishwa kwenye shuka. Kizito. Baridi kidogo. Nikatulia, nikahisi. Nikatangaza: kinahema mara nane, mwenyewe hajalala vizuri, tena ana kinyongo.

Omolo akasema, "Mzee, si umuulize jina."

Nikamuuliza, kwa upole. Kimya. Nikasema, mmeona? Ndicho kinyongo chenyewe.

Leso ikatolewa. Tikiti maji.

Kibanda ni cha Omolo. Mama Mbeti amecheka hadi machozi, akakiri kichwa kimempoa, ila makubaliano ni makubaliano. Akanipa tikiti nibebe.

Jumapili, 9 Machi
Nimelishika tena jikoni, peke yangu, bila kelele za watu. Mara nane kamili. Kwa hiyo vidole havikukosea, ni mgonjwa tu aliyebadilishwa. Triza amekuja na kisu, watoto nyuma yake na sahani. Nimewaambia wangoje. Mgonjwa hakatwi katikati ya matibabu.