Tuta la Mlangoni Kwangu

Jumatatu, tarehe 4

Wewe dereva wa boza la maji, huna adabu! Umepita mbele ya geti langu saa moja asubuhi kama unafukuzwa na nyuki. Ukuta wangu umeulisha tope. Mjukuu wangu karukia mtaroni na mkoba wake mgongoni, na kiatu kimoja tumekiopoa mchana. Mama yako kama yuko hai, namhurumia.

Nimeanza kuandika. Daftari hili si langu, ni la halmashauri. Tumechaguliwa wakazi watano kusimamia mradi wa usalama barabarani hapa mtaani, na kila mjumbe kapewa daftari na kalamu aandike anayoyaona. Mimi nitaandika na ninayoyafikiri, maana ndiyo mengi. Niliishia darasa la nne, lakini herufi zote bado ninazo, haijapotea hata moja.

Mradi wenyewe ni huu. Mtaa utapata tuta, lile pana lenye mistari myeupe ya kuvukia. Moja tu! Litajengwa ama mbele ya geti langu, ama kule kwenye kona, mbele ya kibaraza cha wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, fundi cherehani. Na yeye ni mjumbe. Miaka arobaini huyu mwanamke anakaa hatua mia moja na arobaini kutoka kwangu (nimezihesabu), na miaka arobaini kila jambo la heri linaanzia kwake. Umeme ulianzia kwake. Bomba lilianzia kwake. Likifika kwangu limeshachoka.

Jioni binti yangu kapiga simu. Mtoto kamsimulia habari za mtaro. Mdomo wa yule mtoto! Kaurithi kwa babu yake. Binti kasema kama muhula mpya utaanza mwanawe hana mahali salama pa kuvuka, anamchukua akakae naye huko anakofanya kazi, ghorofa ya nne, shule inamfuata kwa basi. Mtoto niliyemlea hajaota meno! Nimemjibu tuta linakuja. Nimemjibu ni kama limeshafika.

Jumanne, tarehe 5

Kikao, ofisi ya kata. Viti vya plastiki. Kimoja kina mguu mbovu, na nani kapewa?

Mwenyekiti kasema halmashauri haijengi tuta kwa kelele, inajenga kwa vipimo. Sijui kwa nini alikuwa ananitazama mimi. Atakuja binti wa vipimo, Alhamisi kwangu, Ijumaa kwa wifi. Atapima mambo mawili. La kwanza, watu wangapi wanavuka. La pili sikulisikia, nilikuwa nabadilishana kiti na katibu naye hataki kuinuka. Si kitu. La kwanza linamtosha mwenye akili.

Wifi kauliza, kwa ile sauti yake ya asali, kama wajumbe wanaruhusiwa kuvisaidia vipimo. Mwenyekiti kasema hapana, mjumbe ni jicho la wananchi, akae pembeni atazame. Tukaitikia wote. Mimi niliitikia kuwashinda.

Wakati wa kurudi wifi kanishika mkono tuvuke barabara. Nikamwambia mimi si kikongwe. Ananizidi miaka miwili! Hakuniachia. Tukavuka hivyo hivyo kama wanafunzi.

Jumatano, tarehe 6

Nimezunguka mtaa mzima tangu alfajiri. Mpango: kila mtu kesho avuke mbele ya geti langu mara ishirini.

Kinyozi kakubali, yeye na wateja wake, hata atakayekuwa amenyolewa nusu. Wanawake wa kufua nguo wamekubali, watavuka na mabeseni kichwani. Seremala kauliza, akivuka amebeba mlango, atahesabiwa mtu mmoja au nyumba. Nikamwambia asinichoshe.

Mwalimu mstaafu kakataa. Kasema huo ni udanganyifu na hesabu haitaki mzaha. Nikamuuliza nani alimchemshia maji mwezi mzima alipoteguka kiuno. Kasema basi atavuka, ila kwa ajili ya mazoezi ya goti tu, na mtu akimhesabu shauri yake.

Mjukuu naye kaja na lake. Eti hiyo si kudanganya, Bibi? Nikamfundisha: kudanganya ni kusema watu wamevuka na hawakuvuka. Hawa watavuka kwelikweli, tena kupita kiasi. Kafikiri, kasema ningekuwa wakili. Nilijua zamani.

Alhamisi, tarehe 7

Ushindi!

Binti wa vipimo kafika saa moja kamili. Kizibao cha kung'aa, ubao wa kuandikia, na kidude mkononi kama kile cha saluni cha kukaushia nywele. Gari likija, analielekezea. Nikajua ni kamera. Nikapenyeza habari kwamba watu wafunge vifungo.

Nikakohoa mara mbili. Ndiyo ishara. Lo! Mtaa ukamwagika barabarani kama gunia la maharage lililopasuka. Wanakwenda, wanarudi. Mabeseni yanapishana. Seremala na mlango wake. Mteja wa kinyozi na shuka shingoni, povu sikioni. Mimi nimekaa pembeni, jicho la wananchi.

Kufikia saa tatu foleni ya magari imepita kona. Madereva wanapiga honi, wanawake wa mabeseni wanawapa majibu yao, mengine siyaandiki kwenye daftari la serikali. Mara boza la maji hilo. Yule yule! Likasimama kabisa. Dereva kashuka, kavua kofia, kanijia taratibu, kauliza kwa sauti ya chini msiba huu ni wa nani.

Ningesema nini? Nikasema ni wa mtu wa karibu sana. Kanipa pole kwa mikono miwili. Kasema nijikaze, mama, ndiyo njia yetu sote. Karudi kwenye boza, kapita mwendo wa kinyonga, maji hayakutikisika.

Mwalimu kavuka mara thelathini na moja. Anasema goti limerudi ujanani, sasa linamsubiri mwenyewe.

Ijumaa, tarehe 8

Zamu ya wifi. Nimekwenda kutazama adui anavyojipanga.

Hakujipanga! Hakuita mtu. Kakaa kibarazani mguu kwenye cherehani, anashona sketi ya shule, kimya. Watu wakivuka ni wale wenye shida ya kuvuka. Na magari yakitokea kwenye ile kona ni vuu, vuu, vuu. Boza nalo. Kumbe yule dereva akishahuzunika mbele ya geti langu, anakuja kufidia muda huku. Upepo wake ukakipeperusha kitambaa cha wifi mpaka mtaroni.

Nilicheka. Kisha nikaenda kukiokota, maana kitambaa ni cha watu. Nikaona mzee mmoja kasimama ukingoni na fimbo, anainua mguu, anaurudisha. Mara tatu. Wifi kaacha kazi, kamshika mkono, kamvusha, karudi kukaa. Nadhani kila siku ndivyo afanyavyo. Mjinga huyu. Angemvusha mara ishirini.

Kanipa kigoda na chai. Sukari vijiko vitatu, sikuombwa kutaja. Sikumshukuru, asije akaota mapembe.

Jumapili, tarehe 10

Binti yangu kaja. Nimemweleza tuta ni letu, bado kutangazwa tu. Kasema Mama, nakujua. Kaleta begi kubwa jekundu kaliweka chini ya kitanda cha mtoto, eti la akiba.

Baadaye nikamkuta mjukuu kaketi sakafuni anaingiza vitu vyake kimoja kimoja na kuvitoa. Kauliza kama ghorofa ya nne paka anaruhusiwa. Nikamwambia haruhusiwi, wala bibi haruhusiwi, wala hewa. Kalia. Nami nikamkemea paka.

Jumatatu, tarehe 11

Sitaki kuandika. Naandika.

Binti wa vipimo kasoma. Kwangu walivuka watu elfu moja mia tisa arobaini na sita. Kwa wifi mia mbili na watatu. Nikasimama. Nilikuwa na hotuba fupi. Mwenyekiti kaniomba nikae, bado jambo la pili.

Jambo la pili ni mwendo wa magari! Kile kidude si kamera. Kinapima spidi. Kwa wifi magari yanakimbia kilomita sitini na saba kwa saa. Kwangu? Nane! Binti wa vipimo kasema tuta huwekwa panapokimbizwa magari, na kwangu hapahitaji kitu, ng'ombe anaweza kulala katikati ya barabara akaota ndoto. Kasema tangu aanze kazi hajaona mahali salama kama mlango wa huyu bibi. Tuta linakwenda kwa wifi.

Halafu wakanipigia makofi. Makofi! Mwenyekiti kaniomba nieleze tulifanyaje hadi madereva wakawa na heshima hivyo, mitaa mingine iige. Nikasema ni malezi.

Wifi kaziba mdomo kwa ncha ya mtandio, mabega yanaruka. Anajua. Alijua tangu Jumatano, mdomo wa kinyozi hauna mlango. Angeweza kusema pale pale, nivuliwe ujumbe. Hakusema.

Niliandika hapa chini: nimeshindwa. Nimelifuta. Kalamu ya halmashauri isiandike uongo.

Jumanne, tarehe 12

Begi jekundu limefungwa zipu. Binti kaja kumchukua mtoto.

Kabla hajatia mguu ndani, wifi huyo, na sketi mkononi. Ile ile aliyokuwa anashona. Ya mjukuu wangu! Kasema mtoto akue humo humo, kaacha pindo refu la miaka miwili. Kisha kamwambia binti yangu: mtoto atavukia kwangu kwenye tuta, na nitamvusha mimi mwenyewe kila asubuhi mpaka atakaponivusha yeye.

Nikasema hatutaki hisani ya mtu. Nikasema hatua mia moja na arobaini ni safari.

Mjukuu kafungua ule mdomo wake. Kasema, Bibi, mbona mimi siku zote navukia kwa Bibi Cherehani? Ukiwa getini unagombana na magari mimi nishafika kwake. Jumatatu ile tu ndiyo nilivukia hapa, kwa sababu uliniita nirudi nimalize chai.

Binti kanitazama. Wifi akatazama ukuta, Mungu ambariki. Binti kasema, Mama, mimi nilitaka mahali pa kuvuka, sikusema lazima iwe mlangoni kwako. Kafungua zipu. Mtoto anabaki.

Nikaenda jikoni kukata vitunguu. Vitunguu vilikuwa vimekwisha tangu jana, lakini nilikaa huko huko.

Nilipotoka wifi bado yupo. Nikampa chai. Yeye hanywi sukari. Nami najua mambo.

Jumatatu, tarehe 25

Tuta limekamilika! Muhula umeanza. Nilikuwa eneo la kazi siku zote nne, kusimamia. Nimewarudisha mafundi mara mbili: mstari wa tatu ulikuwa umepinda kama mkia wa mbwa. Walisema haujapinda. Nikaweka fimbo ya yule mzee juu yake. Wakapaka upya.

Leo asubuhi nimesimama getini nikawatazama wakivuka kule konani. Wifi na mtandio wake, mtoto na sketi inayoburuza. Magari yamesimama pande zote mbili kama yamepigwa picha. Katikati ya mistari wakageuka wote wawili wakanipungia. Sikupunga. Nilikuwa na kitu jichoni. Kisha nikapunga, lakini walishafika.

Basi hapo ndipo ningefunga daftari, kama si mwenyekiti. Kapita kunijulisha kwamba halmashauri itajenga tuta la pili mwakani, na binti wa vipimo anarudi mwezi ujao kupima upya. Kaniomba, kwa heshima, safari hii nikae ndani.

Nitakaa. Nimejifunza! Kosa lilikuwa la watu kuvuka. Safari hii asivuke mtu. Tayari nimemwagiza kinyozi afunge duka siku hiyo. Mwalimu apumzishe goti. Wanawake wa mabeseni waende kwa ndugu zao. Nitafagia barabara mwenyewe, nitaokota kila jiwe, iwe laini kama kioo, magari yateleze. Mtoto yuko salama kule konani kwa bibi yake, basi hofu ya nini? Kwa siku moja tu. Nataka kilomita themanini, nimshinde wifi.

Tatizo ni moja. Madereva wameharibika. Yule wa boza hasa. Tangu Alhamisi ile, kila akifika getini kwangu anapunguza mwendo, anavua kofia, anainamisha kichwa. Kawaambukiza na wenzake. Lori la mchanga nalo jana limenipa pole!

Mjukuu, najua unasoma humu, vidole vyako vya siagi viko ukurasa wa pili. Funga daftari ukalale. Kesho asubuhi ukiwa kwenye tuta na Bibi Cherehani, boza litasimama, halina ujanja. Mwambie dereva bibi yako anashukuru sana, msiba umekwisha. Akanyage mafuta.