Benchi la Nyuma Kabisa

Jumapili, 3 Novemba

Mzee Bitzer kahamia kwa binti yake mjini Ulm. Kiti chake kwenye Meza ya Ndugu ki wazi. Miaka yote hii, kwenye kikao chetu cha Biblia, nimekaa kwenye mabenchi nikiwatazama wazee wale wakiizunguka Biblia na kuifafanua mmoja mmoja, sisi wengine tukitikisa vichwa tu. Kiti hicho hakiombwi. Anayekiomba keshakikosa. Ndugu Öhler, kiongozi wetu, humwita yule aliye mnyenyekevu kuliko wote.

Kijiji kizima hakuna anayenifikia kwa unyenyekevu. Tatizo ni kwamba hakuna anayejua.

Mpango: Jumatano nakaa benchi la nyuma kabisa, mlangoni penye upepo, chini ya makoti yaliyotundikwa. Bwana mwenyewe alisema mtu akae nyuma ili aambiwe, rafiki, njoo mbele.

Jumatano, 6 Novemba

Nimefika mapema. Häberle kanitangulia! Huyu Eugen Häberle, fundi saa mstaafu, jirani yangu wa ghorofa ya juu, kakaa pale pale mlangoni, skafu shingoni, macho chini. Nikamwambia asogee mbele, mgongo wake haupendi baridi. Akasema la, Ndugu Schwenk, hapa pananitosha. Nikasema pananitosha mimi zaidi. Tukabanana wawili kwenye benchi la mtu mmoja na nusu, kila mmoja akimsihi mwenzake akapate heshima.

Ndugu Öhler katutazama juu ya miwani. Hakumwita mtu. Shingo imekakamaa kwa ule upepo.

Jumamosi, 9 Novemba

Wiki hii kibao cha zamu ya kufagia kinaning'inia mlangoni kwa Häberle. Nikaamka kabla yake, nikafagia ngazi zote, njia ya mbele, hadi mtaro wa barabarani. Kumtumikia adui, kimyakimya. Ila nilikuwa nagongagonga ufagio ukutani kidogo, majirani wachungulie. Wakachungulia. Bi Maisch wa ng'ambo ya barabara akauliza kama Häberle amekufa. Nikasema la, amelala tu, maskini.

Mke wangu Rosine anasema kufagia zamu ya mtu ni kumtukana mbele ya mtaa mzima. Kaongeza kwamba zamu yetu wiki iliyopita alifagia yeye, peke yake. Sikuona hilo linahusu nini.

Jumapili, 10 Novemba

Yamenigeukia. Häberle kasimama kikaoni kabla ya wimbo, akasema yeye ni mvivu: alinisikia nafagia, akajifunika blanketi makusudi, na akafurahi. Watu wakacheka, halafu wakampenda. Mzee mmoja hata kamshika bega. Mimi niliyefagia hakuna aliyenitupia jicho.

Sasa nimelijua soko. Hawataki wema, wanataka udhaifu. Basi nitawapa.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimemwomba Rosine anitajie udhaifu wangu mmoja. Nimejitakia mwenyewe. Hakufikiri hata kidogo. Kasema bahili, mbishi, mwenye kijicho, na kwamba tukila dengu nahesabu soseji kwenye sahani za wageni. Nikamweleza kwamba nahitaji udhaifu wenye heshima. Kasema haya, huo nao ni mwingine. Akaendelea kumenya viazi.

Jumatano, 13 Novemba

Nilisimama. Nikaungama kwamba moyo wangu ni mwepesi mno kusamehe, na kwamba nawatumikia watu hadi najisahau. Upande wa wanawake Rosine akakohoa, kikohozi ninachokijua.

Ndipo Häberle akasimama. Akasema ndugu zangu, mimi nakitaka kile kiti. Kwenye lile benchi la nyuma nilikaa ili nionekane. Naona aibu.

Dhambi yangu hiyo! Kainyakua mbele ya macho yangu. Nilishindwa kuvumilia. Nikasema kwa sauti kwamba mimi nilianza kukitaka kabla yake, benchi ni wazo langu, hata kufagia kule kulikuwa kwa ajili ya kiti, na kwa kukitaka hanifikii hata robo. Häberle akanitazama bila hasira. Akasema haya, Ndugu Schwenk, yako ni kubwa kuliko yangu, umenishinda. Akaketi.

Ndugu Öhler akavua miwani, akajifuta machozi, sijui ya nini. Akasema hilo ndilo neno la kweli la kwanza kulisikia kinywani mwangu tangu anifahamu. Nikachukua kofia, nikaanza kwenda mezani. Nilikuwa nimefika katikati alipomaliza: lakini aliyejua kushindwa ni Eugen. Eugen, njoo ukae. Na wewe, Gotthilf, rudi pale nyuma, naona pameanza kukufaa.

Nikarudi. Wote wananitazama. Nililia kidogo, nikasingizia upepo wa mlangoni.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimelifikiria upya asubuhi, na mkate mkononi. Ndugu Öhler kanipangia mahali kwa kinywa chake, mbele ya wote. Häberle kapata kiti kimoja kati ya saba. Wa mwisho kabisa ni mmoja tu, na ni mimi, kwa kuteuliwa. Nani sasa mkubwa?

Nimetoka kwa seremala. Nimeagiza kibao cha kupigilia kwenye benchi: Mahali pa Ndugu Gotthilf Schwenk, Mdogo wa Wote. Seremala kauliza herufi za ukubwa gani. Nimemwambia ndogo, sipendi kujionyesha. Ila azichonge ndani sana, azipake rangi ya dhahabu.