London ni Inchi Nane

Jumatatu, 4 Agosti 1958

Nimeduwaa! Mzee Dualeh ametangaza barazani kwamba binti yake Kuluthum haolewi na mtu asiyewahi kuvuka mpaka. Bashir, muuza ngozi, akanitazama akicheka. Bashir! Kafika Kampala mara moja tu, akarudi na homa. Mimi, fundi cherehani wa kutegemewa, sijapita Gilgil, mji wa hapo jirani tu. Nitamkosa Kuluthum hivi hivi naona!

Jumanne, 5 Agosti

Lahaula! Nimeenda shuleni kwa Mwalimu Hiram, nikapima ramani za ukutani kwa futi yangu ya kazi. Ramani ya Kenya: hapa kwetu Nakuru mpaka Mombasa, inchi kumi na nne. Ramani ya dunia: Nairobi mpaka London, inchi nane! London iko karibu kuliko Mombasa, na wazungu kimya miaka yote hii! Kwa ndege ni asubuhi moja tu. Nimemwambia Mzee Dualeh mteja wangu, mzungu mwenye shamba Ndabibi, ananipeleka London kumpima nduguye suti. Mzee akanikumbatia. Bashir akameza mate.

Jumatano, 6 Agosti

Nimejificha Gilgil kwa binamu yangu Safiyo. Mzee kanipa kopo la nyirinyiri, nyama ya kukaanga kwa samli, nimpelekee mdogo wake, baharia wa huko London. Kuluthum mwenyewe kaipika. Tulifungua kuonja tu. Tukaonja mpaka chini. Safiyo akaniambia nikae hata wiki nzima. Ya nini? Inchi nane kwenda, nane kurudi. Wanawake na vipimo!

Alhamisi, 7 Agosti

Yarabi! Nimerudi na koti zito, natetemeka kwa baridi ya Ulaya. Barazani kulikuwa na mgeni mwembamba kando ya Mzee. Sikumjali. Nikasema baharia kapokea kopo, kalibusu, kalia machozi, na kanenepa kweli kweli. Mgeni akauliza nilikaa angani muda gani. Asubuhi moja, nikasema. Akashangaa: yeye ilimchukua mchana kutwa na usiku kucha, ndege ikitua Roma, ikitua Khartoum, mpaka miguu ikavimba. Ndipo Mzee akanijulisha. Mdogo wake! Baharia mwenyewe! Alishuka Nairobi jana bila kumwarifu mtu!

Kuluthum alikuwa mlangoni. Hakucheka. Aliuliza tu nyirinyiri yake iko wapi. Nimeumia sana.

Jumapili, 10 Agosti

Bashir kaposa, kakubaliwa! Na suti ya harusi kaniletea mimi nishone! Uso sina. Lakini kosa nimelijua: London ina watu wanaotufahamu. Nimerudi kwenye ramani. Mwalimu Hiram anadai kila ramani ina kipimo chake. Porojo! Inchi ni inchi. New York ni kumi na tano, yaani Mombasa na zaidi kidogo. Bashir ana dada, Mboni, bado hajaolewa. Kesho namuaga baba yao. Safari hii najificha kijiji cha Bahati, na nitakaa siku mbili nzima.