Hakuna Anayetaka Kusimama Katikati

Ijumaa, Novemba 8. Osaka.

Fusae mke wangu,

Tumefika. Ile safari uliyoipangia watu wanne tumeifanya watatu: mimi, dada yako Misao na mumewe Gensaku. Jumatatu unatimiza mwaka tangu ututoke. Nimeahidi kukuwekea picha yetu ya Osaka pale tunapokufukizia ubani. Picha moja tu, sote pamoja.

Tatizo ni idadi. Watatu wakipigwa picha, wa katikati hutangulia kufa. Mimi nimesoma, siamini mambo hayo. Lakini katikati sisimami.

Leo tulijaribu chini ya yule kaa mkubwa wa bandia anayechezesha miguu juu ya mlango wa mkahawa. Mpango wangu: nichelewe, kisha nikimbilie pembeni. Kumbe Misao alikuwa na mpango huohuo. Gensaku pia. Kila mmoja akamzunguka mwenzake, tukaenda upandeupande mpaka duka la jirani. Bibi aliyetushikia simu akauliza kwa adabu kama tunahama. Picha tuliyopata ni ya kaa peke yake. Ametoka vizuri.

Jumamosi, Novemba 9.

Nimeamka na akili mpya. Tuazime mtu wa nne! Wanne hawana katikati.

Kwenye kibanda cha vitumbua vya pweza nikamwomba mama mmoja mwenye blauzi ya madoa ya chui. Wanawake wa Osaka hawana makuu: alishatugawia peremende za mkobani kabla hajatujua majina. Nilipomweleza shida yetu alicheka hadi muuzaji akageuka. Akasema, "Baba, kwa umri huo unachagua pa kusimama? Wewe popote ni karibu."

Hata hivyo akasimama nasi. Muuzaji alipobonyeza simu, Gensaku akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake havina kamba. Tukaonekana watatu, katikati mimi, mdomo umejaa pweza.

Nimeifuta. Nimewaambia simu imekosea. Misao akasema simu ina haya kuliko mimi.

Jumapili, Novemba 10.

Mbele ya ngome. Nafasi ya mwisho kabla ya treni. Nikakutoa mkobani, ile picha yako ndogo ya fremu nyeusi, nikaeleza taratibu: Fusae ashikwe katikati, yeye hana cha kupoteza. Gensaku akasifu wazo hilo huku ameshahamia pembeni.

Misao akakufuta vumbi kwa kitambaa chake. Kisha: "Shemeji, kila jioni unanipigia simu unalia, eti huwezi kuishi bila mdogo wangu. Njia ya kumfuata hiyo hapo, hatua moja. Mbona unamsukuma yeye?"

Nikamjibu kwamba kumkosa mtu ni jambo moja na kumfuata ni jambo jingine. Nilipokuwa nalifikiria jibu hilo lilionekana la busara. Nilipolisema, hata Gensaku alitazama chini.

"Nipe," akasema Misao. "Mimi ndiye mkubwa wake. Na nyinyi mmenichosha." Akakukumbatia kifuani, akasimama katikati kama mtu anayesubiri basi.

Picha ikapigwa.

Jumatatu, Novemba 11.

Nimekuwekea picha yetu, nimekufukizia ubani, nimekuletea na chungwa moja la aina uliyopenda, la ganda jembamba. Picha nzuri. Misao macho yamemjaa machozi, mkono wake umekufunika bega. Sisi wanaume, huku na huku, tunang'aa kama waliosamehewa kodi. Nimeitazama mara nyingi. Mara zote nimejitazama mimi kwanza.

Misao amepiga simu. Maua yakichanua twende Kobe, watatu tena. Nimekubali papo hapo. Safari hii nimejipanga sawasawa: nitajitolea kupiga picha mimi mwenyewe. Wabaki wawili; wakitaka katikati, wagombane wao.

Nikumbuke, Fusae. Ila usifanye haraka kuniwekea nafasi.