Kurasa Mbili kwa Bi Wieczorek

Jumatano, 1 Februari

Tumefungwa tena jana. Pointi thelathini na moja, tena nyumbani, mbele ya watu walioanza kuvaa makoti kabla robo ya tatu haijaisha. Ushindi kumi na saba, vipigo thelathini na tatu. Mafundi Vioo wa Toledo, timu yetu ya mpira wa kikapu, hatuko chini kabisa, ambako ligi inakupa nafasi nzuri ya kuchagua kijana bora wa mwaka. Wala hatuko juu kiasi cha kuingia mtoano. Tuko katikati. Hakuna anayependa kukaa hapo isipokuwa mimi.

Asubuhi Bi Wieczorek, mwenye timu, ametuita ofisini kwake mimi na Renata Claxton. Mzee Halvorsen, meneja mkuu, anastaafu msimu ukiisha. Mwili wake tu uko Toledo, akili ilishakwenda Florida kuvua samaki. Bi Wieczorek anataka kila mmoja wetu amwandikie kurasa mbili, zimfikie Jumanne. Swali ni moja: tuuze wakongwe na kusuka timu upya, au tubaki na tulionao tupiganie mtoano? Dirisha la kubadilishana wachezaji linafungwa Alhamisi ya wiki ijayo. Hakusema kwamba atakayeandika vizuri ndiye atakayerithi kiti cha Halvorsen. Hakuwa na haja ya kusema.

Mimi nimekuwa naibu kwa miaka ishirini na miwili. Renata ana miaka minne hapa, na bado anapanda ngazi badala ya lifti.

Nimerudi nyumbani nikamweleza mke wangu. Marlys akauliza mimi mwenyewe nafikiri nini. Nikamwambia swali si hilo. Swali ni Bi Wieczorek anafikiri nini. Makocha wanane wamepita mbele ya macho yangu, wote walikuwa na msimamo.

Alhamisi, 2 Februari

Mpango wa kwanza. Bi Wieczorek hula chakula cha mchana kila Alhamisi na dada yake, kwenye mgahawa wa Kipolandi wa mtaa wa Lagrange. Nimewahi saa tano na nusu. Nimekaa meza ya nyuma yao, nimewapa mgongo, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Nimekula sahani mbili za pierogi, sambusa zao za kuchemsha, ambazo sikuzitaka, za kabichi.

Saa nzima wamezungumzia goti la dada. Kisha, nikiwa nakaribia kukata tamaa, Bi Wieczorek akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Mimi nimechoka kuziba ziba. Kila mwaka naziba hapa, panavuja pale. Safari hii nabomoa chote, naanza upya."

Dada yake akamuuliza kama ataweza kuvumilia hilo vumbi lote. Akasema ataweza.

Nimeacha sahani ya pili katikati. Tunasuka upya.

Ijumaa, 3 Februari

Nimeandika kurasa mbili bila kunyanyuka. Zimetoka vizuri kuliko nilivyotarajia. Nimeandika kuwa timu hii ni nyumba inayovuja. Nimeandika kuwa Cornell Battiste, mchezaji wetu wa kati, ana miaka thelathini na sita na amekuwa mzigo ambao mapenzi ya mashabiki yanatuzuia kuutua. Auzwe yeye kwanza. Nimechapisha, nikaenda kunywa kahawa.

Kwenye korido nani akaniita? Battiste. Alikuwa amelala kwenye kitanda cha chumba cha matibabu, magoti yote mawili yamefungwa barafu, miguu inaning'inia nje. Yuko hapa mwaka wa kumi na mbili. Akaniambia nikae.

"Gordy, wewe ndiye mkongwe hapa kuliko wote. Niambie ukweli. Naondoka au siondoki?"

Nikamtazama. Mama yake alihamia hapa kutoka Louisiana, anaimba kwaya ya kanisa la mtaa wetu wa pili. Watoto wako shule. Sura yake ilikuwa ya mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Nikamwambia haendi popote. Nikamwambia hiyo ni ahadi yangu, na maadamu nipo nitamlinda. Akashukuru, akageukia ukutani.

Nimejisikia vibaya hadi saa kumi. Baadaye nikajiambia kwamba binadamu akiomba faraja si vizuri kumpa ripoti.

Jumamosi, 4 Februari

Tumeshinda.

Sijui nani katuruhusu. Battiste amefunga pointi ishirini na nane kwa magoti yale yale ya barafu. Robo ya mwisho uwanja mzima ulisimama. Bi Wieczorek alikuwa kwenye kiti chake cha mbele akizungusha skafu juu ya kichwa kama msichana, akamkumbatia mtu asiyemjua, muuza soda nadhani. Kocha Tillery akanishika mabega akasema, "Tetzlaff, ndugu yangu, umeiona hiyo? Nafasi ya mtoano iko pale, tunaigusa." Macho yake yalikuwa na machozi. Hana mkataba wa mwakani.

Tukitoka, nikamsikia Bi Wieczorek akimwambia Halvorsen kwamba mafundi wanakuja Jumatatu kubomoa jiko lake, paa la kule nyuma halizibiki tena.

Jiko.

Nimekaa kwenye gari mpaka vioo vikaingia ukungu. Kumbe tunapigania.

Jumapili, 5 Februari

Nimeandika kurasa mbili nyingine. Timu hii ina moyo, na moyo huo unaitwa Cornell Battiste. Anayetaka kuuza moyo aeleze mwili utaishije. Nimependa hiyo sentensi. Marlys ameisoma akaniuliza kama ni mtu yule yule niliyemwita mzigo juzi. Nimemwambia mambo yamebadilika. Akauliza yapi. Nikaenda kuondoa theluji mlangoni.

Mchana nimepita ofisini kwa kisingizio cha kuchukua miwani, ili nijue Renata ameandika nini. Hapakuwa na mtu. Kwenye trei ya printa ya korido nikakuta kurasa mbili. Zinataka timu isukwe upya.

Nimezisoma nimesimama. Nakiri, msichana ana kipaji. Hoja zimepangwa, lugha haina mikogo. Kuna mahali niliona kama ameniingia kichwani akaiba mawazo yangu, hadi nikakasirika. Nilipofika aya ya tatu nikaona jina la Battiste limekosa herufi moja, kosa ninalolifanya mimi tangu alipojiunga nasi.

Zilikuwa zangu. Niliziacha pale Ijumaa. Jana, kabla ya mechi, kila mtu alipita kwenye ile printa.

Jumatatu, 6 Februari

Kocha Tillery hakunisalimia. Aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango, akakaa. Akasema alizisoma zile kurasa Jumamosi kabla ya mechi, akanitambua kwa lile kosa la jina la Battiste, akazirudisha pale pale, kwa sababu hakutaka kuamini kwamba mtu anayekula naye meza moja anamchimbia hivi.

"Nilikuita ndugu yangu baada ya kuzisoma," akasema. "Nilikuwa nakupa nafasi uniambie mwenyewe."

Nikamwambia si zangu. Nikamwambia ni za Renata.

Sijui kwa nini. Neno lilikuwa limeshatoka.

Baada ya dakika kumi Renata amekuja akasimama mlangoni. Hakupandisha sauti. Nilitamani apandishe. Ameuliza kwa nini nimemwambia kocha vile. Nimesema kumetokea kutoelewana. Akasema yeye anaelewa vizuri kabisa. Kisha akasema jambo ambalo limenikaa kichwani siku nzima: kwamba amezisoma na yeye, ni nzuri, na kama kweli ndivyo ninavyoamini, alikuwa tayari kusimama upande wangu mbele ya Bi Wieczorek.

"Ndivyo unavyoamini, Gordon?"

Nikamwambia ni suala lenye pande nyingi.

Akaondoka kwa ngazi.

Jumanne, 7 Februari

Mpango wa mwisho, na ulikuwa mzuri. Bahasha mbili za kaki. Ya kulia, tusuke upya. Ya kushoto, tupiganie. Ningefika kwa katibu wa Bi Wieczorek, nimuulize kwa upole mama kaamkaje leo, kisha nitoe bahasha inayofaa.

Katibu ni Bi Eunice Dombrowski. Yuko pale tangu enzi za marehemu mzee Wieczorek, hajawahi kucheka nikiwepo. Nikamuuliza mama kaamkaje. Akasema hana jiko, unafikiri kaamkaje. Nikauliza kama ni hasira za kutaka mabadiliko au za kutaka utulivu. Akanitazama juu ya miwani. Kisha akanyoosha mkono akachukua bahasha zote mbili.

Nikamwambia moja si ya leo. Akauliza ipi. Nikasema inategemea. Akazigonga zote mbili mhuri wa kupokelewa, akaingia nazo ndani, akafunga mlango.

Nimesimama pale nikiangalia picha ya marehemu na kikombe chetu pekee. Baadaye akatoka na kuniambia nisimame kwingine.

Jumatano, 8 Februari

Ametuita saa nne. Mimi, Renata, Halvorsen amelala nusu.

Kurasa zangu nne zilikuwa mezani, zimepangwa mbili mbili. Bi Wieczorek akavaa miwani. Akasema, bila ukali, kwamba hapa Battiste ni mzigo, na hapa Battiste ni moyo, na zote mbili zina saini yangu. Akataka nimsaidie kuchagua.

Nikasema nilitaka kumpa picha kamili. Akasema picha kamili anayo, anaishi ndani yake. Ipi ni yangu? Nikamwambia ningependa kwanza kujua yeye ameelemea wapi.

Akavua miwani. "Gordon, nilikuita unisaidie kufikiri. Wewe umeniletea kioo nijitazame. Vioo ninavyo, babu yangu alikuwa na kiwanda."

Halvorsen akacheka, hivyo hakuwa amelala.

Renata alikuwa na ukurasa mmoja. Tusuke upya. Akaeleza kwa nini, na hakuficha kwamba itauma miaka mitatu, viti vitakuwa vitupu, na inawezekana tusimpate huyo kijana tunayemtaka. Akasema kocha Tillery anapinga, na alimwomba ruhusa asome hoja zake hapa. Akazisoma zote, kwa haki zaidi kuliko nilivyozitetea zangu. Kisha akasema amezungumza na Battiste. Kuna timu ya pwani inayoelekea fainali inayomtaka.

Bi Wieczorek akauliza amepokeaje.

Renata akasema Battiste alilia. Amekuwa akitaka kuondoka tangu Krismasi, akaione fainali mara moja kabla magoti hayajakwisha. Mama yake ndiye anayemsukuma aende. Aliogopa kuomba, asionekane msaliti. Ijumaa alijipa moyo akamuuliza mtu wa hapa ndani, akitumaini kuambiwa anaondoka, na mtu huyo akamwahidi kwamba haendi popote. Hakulala usiku ule.

Hakunitazama aliposema hivyo. Wengine walinitazama.

Basi nilikosea hata pale. Nilimpa nilichodhani anataka kusikia, na sicho alichotaka.

Alhamisi, 9 Februari

Imepita. Saa tisa alasiri, dirisha likafungwa. Battiste ameondoka, tumepata vijana wawili na nafasi mbili za kuchagua chipukizi wa ligi huko mbele.

Alipita ofisi kwa ofisi kuaga. Kwa Tillery alikaa muda mrefu, na walipotoka wote wawili walikuwa wanafuta pua. Nilidhani hatakuja kwangu. Alikuja, akainama kupita mlangoni, akanipa mkono.

Nikamwambia samahani. Akasema yameisha. Kisha akasema, taratibu, kama anayefikiria: "Miaka kumi na mbili, Gordy. Najua mpishi wa hapa anapenda muziki gani. Najua Eunice anapenda timu gani ya magongo. Wewe sijui unapenda nini."

Nilifungua mdomo. Nilitaka sana kumjibu. Nikajikuta namuuliza yeye anadhani nini.

Akacheka, kicheko kizuri tu, akanipiga bega, akaenda.

Nimewahi kulala.

Jumatatu, 13 Februari

Tumefungwa mara mbili wikiendi. Sasa wanasema ni sehemu ya mpango.

Imetangazwa: Renata atakalia kiti cha Halvorsen msimu ukiisha. Nimempongeza. Nilitarajia aniambie nikusanye vitu vyangu, na nilishakuwa na boksi. Badala yake akaniambia nibaki. Akasema ninaijua ligi hii kuliko mtu yeyote jengoni, tatizo ni kuyatoa hayo ninayoyajua. Kisha akanipa kazi ya kwanza. Tillery aongezwe mkataba au tutafute kocha mpya wa kulea vijana? Anataka maoni yangu. "Yako, Gordon. Yangu ninayo." Amenipa hadi Jumatatu ijayo.

Nilitoka pale nimeguswa. Hakuna bosi aliyewahi kunizungumzisha hivyo. Nimeamua safari hii nitakuwa mkweli hadi mwisho, nitampa maoni ya dhati, yasiyopindwa, mara tu nitakapojua anapenda yaweje.

Nimeulizia. Kila Jumanne na Ijumaa asubuhi anaogelea kwenye bwawa la mtaa wa Monroe, na rafiki yake wa chuo, na huzungumzia kazi wakipumzika ukingoni. Nimejiandikisha. Kuogelea sijui, ila kuna upande wenye maji ya kiunoni, na nimeambiwa pale sauti husikika vizuri.