Hotuba ya Kuzindua Pikipiki Nyekundu, Iliyotolewa Sebuleni Kwetu

Mheshimiwa Baba, Mwenyekiti wa Kudumu wa Nyumba Hii, Mshika Rimoti Mkuu na Mtia Saini Pekee wa fomu zangu zote tangu darasa la kwanza. Mheshimiwa Mama, Muuguzi Mwandamizi wa Wodi ya Mifupa, Waziri wa Afya, Chakula na Kukataa. Mheshimiwa sana Bibi, mama mzazi wa Mwenyekiti, ambaye kochi zima limetengwa kwa ajili ya miguu yake. Wadau wengine wote ambao hawakufika kwa sababu hawakualikwa. Mabibi na mabwana.

(Bibi anauliza kama kuna mtu amefariki. Anaambiwa hapana. Anasema basi endelea.)

Nimesimama mbele yenu alasiri hii ya Jumapili, nikiwa binti yenu mwenye umri wa miaka kumi na minane na miezi minne, kwa heshima na taadhima, ili kuzindua rasmi Mradi Shirikishi wa Usafirishaji Endelevu wa Viti, ambao kwa lugha ya kawaida ni pikipiki.

(Mama anaweka kikombe mezani.)

Naomba nisikatwe kauli, kwa kuwa ajenda hii ilishawahi kuletwa mara mbili mbele ya kikao hiki, na mara zote mbili ilitupwa nje kabla sijameza tonge, bila kupigiwa kura, bila hata kuulizwa pikipiki yenyewe ni ya nini.

Kama mnavyofahamu, kitengo changu cha ushonaji wa viti vya pikipiki, kilichopo veranda ya nyuma karibu na kamba ya nguo, kilianza miaka mitatu iliyopita kikiwa na sindano moja ya gunia, mkasi wa kuazima na mteja mmoja ambaye alikuwa anapita tu, na leo, chini ya uongozi wangu mahiri, bila mfadhili wa ndani wala wa nje, kina cherehani ya ngozi iliyonunuliwa kwa jasho la mkurugenzi mwenyewe, na kimeshona viti mia mbili na kumi na viwili. Nimevikalia vyote kuvijaribu, kimoja kimoja, vikiwa juu ya benchi. Hakuna hata kimoja nilichokikalia kikiwa juu ya pikipiki. Naomba takwimu hiyo iingie kwenye kumbukumbu.

(Baba, ambaye ni karani na hawezi kukaa kikaoni bila kuandika, anasema: "Imeingia.")

Waheshimiwa, changamoto ni umbali. Kutoka veranda hadi kituo cha madereva wa bodaboda ni dakika arobaini na moja kwa miguu, na dakika hamsini na tatu nikiwa nimebeba viti vitatu, kimoja kichwani na viwili mgongoni, kiasi kwamba mwezi uliopita mtoto mmoja alimwambia mama yake tazama, ile pikipiki imegeuka mtu.

(Kicheko cha Bibi. Mama hacheki.)

Sasa Chama cha Madereva kimeniandikia rasmi kwamba kinataka viti sitini vishonwe upya, sita kwa siku, vichukuliwe asubuhi na kurudishwa kabla ya saa saba mchana, kwa sababu dereva asiye na kiti hana kazi. Jibu linatakiwa kesho Jumatatu. Nikishindwa, kazi inakwenda kwa yule fundi wa ng'ambo ya barabara kuu, ambaye mishono yake inafumuka kabla ya mwezi kuandama, lakini ana pikipiki.

"Si ukodi mkokoteni," anasema Baba.

Namshukuru Mwenyekiti kwa mchango wake wenye tija. Mkokoteni ulipitia awamu ya majaribio. Mvua ilinyesha tukiwa katikati ya njia, sponji za viti vinne zikanywa maji, na wateja wanne walivaa suruali zenye unyevu kwa siku tano mfululizo. Ripoti ya tathmini ipo, ukihitaji kuinusa.

Nikigusia pikipiki yenyewe, ni nyekundu. Ina breki mbili, vioo viwili, taa zinazowaka zote, injini yenye sauti ya staha isiyoamsha jirani, na kwa mujibu wa andiko la mradi itaendeshwa kwa mwendo usiozidi kilomita arobaini kwa saa, mchana tu, barabara kavu tu, helmeti kichwani hata nikiwa nimesimama, na haitabeba abiria yeyote, awe rafiki, jirani au mtoto wa shangazi.

"Italala wapi?" anauliza Bibi.

Swali zuri. Kwa kipindi cha mpito italala hapa sebuleni.

"Sebuleni nalala mimi."

Basi mtalala wote, Bibi, mkilindana. (Makofi ya Bibi, peke yake.)

Sasa nije kwenye usalama, eneo ambalo najua Wizara ya Afya ina wasiwasi nalo. Kwa muda wa wiki sita, kila jioni wakati wa chakula, nilikuwa namuuliza Mama habari za wodini, naye akidhani binti yake amekua na kuanza kujali kazi ya mzazi.

(Mama: "Kumbe.")

Ulikuwa utafiti, Mheshimiwa. Majeruhi wa pikipiki waliolazwa kwa kipindi hicho ni thelathini na wanane. Ishirini na tisa hawakuwa na helmeti. Kati ya tisa waliobaki, wanne walikuwa wamepakiana watatu watatu, na watatu walikuwa wamelewa. Ukiondoa hao wote, waliobaki waliokuwa peke yao, wazima, wenye helmeti, ni wawili tu, na mmoja wao aligongwa na mlango wa lori lililokuwa limeegeshwa.

"Na yule wa pili?" anauliza Mama.

Yule wa pili, takwimu zake bado zinachakatwa.

"Yule wa pili ana miaka kumi na tisa. Kitanda namba saba. Alikuwa anapeleka mikate. Hakuwa na kosa lolote. Leo asubuhi nimemgeuza upande mara mbili, na kila nikimgeuza ananiambia samahani, kama vile ni yeye anayenisumbua." Mama anaongea polepole, akitazama kikombe. "Hebu niwekee huyo kwenye hesabu zako."

(Baba haandiki.)

Waheshimiwa, serikali yangu... mradi wangu unampa pole. Hakuna kiashiria cha kumweka. Nilimwacha nje ya jedwali kwa makusudi, kwa sababu kila nilipomuingiza, hesabu ilikataa. Naomba kumbukumbu ionyeshe hivyo.

(Baba: "Imeingia.")

Nihitimishe kwa kaulimbiu zetu. Mwendo pole, kiti imara. (Bibi anaitikia: "Imara.") Helmeti kwanza, safari baadaye. ("Baadaye.") Binti huru, veranda tupu. (Bibi anasita, kisha anasema hiyo ya mwisho hajaielewa.)

Kwa namna ya pekee nawashukuru Mwenyekiti kwa kalamu, Mama kwa kukaa mpaka mwisho ingawa anaingia zamu alfajiri, na Bibi kwa makofi. Aidha, kwa ajili ya uwazi na uwajibikaji, nachukua fursa hii kuwajulisha kwamba pikipiki nyekundu niliyoielezea haipo. Sijawahi kuiona. Taa zake nilizitunga jana nikifua. Kilichopo ni barua hii ya Chama, inayosema kwamba wazazi wakitia saini, Chama kitanitafutia pikipiki ya zamani, ya rangi yoyote, nilipe kwa kushona. Na kipo kiti. Nimekishona mwenyewe, nje ya ile hesabu ya mia mbili na kumi na viwili, kina miezi kumi na moja chini ya kitanda changu. Hiki hapa. Ahsanteni kwa kunisikiliza.

(Kiti kinawekwa juu ya meza. Baba anasoma barua mara mbili. Mama anakizunguka kiti.)

"Ulisema hutabeba abiria," anasema. "Mbona kina nafasi mbili?"

Hiyo, Mheshimiwa, ni kasoro ndogo ya kiufundi.

"Nimekuuliza, mwanangu."

Hospitali ni dakika hamsini kwa miguu, mama, na unatoka hapa kukiwa na giza. Ile nafasi ya nyuma nilipima kwa sare yako, siku ile uliponipa niipunguze kiunoni. Sikuiweka kwenye hotuba kwa sababu niliona ungesema nakuhonga.

(Mama anakishusha kiti, anakiweka juu ya kigoda cha Bibi, anakaa upande wa nyuma. Anabonyeza kwa mkono huku na huku, kama anavyobonyeza mgonjwa.)

"Hapa pembeni pamelegea," anasema. "Pashone upya kabla hujaenda kesho."

(Baba, kalamu ikiwa juu ya barua, anauliza tarehe ya leo ni ngapi.)