Waya wa Shaba na Gramafoni ya Bibi

Jumatatu, 19 Mei

Jana baada ya chakula baba mkwe, Mzee Hobart, alitangaza kwamba magoti yamemshinda. Mashua yake, aliyoichonga kwa mkono wake, itakuwa ya yeyote katika familia atakayevua samaki aina ya trauti mzito kuliko wote Jumatatu ijayo, Siku ya Kumbukumbu. Miaka ishirini na miwili nimeoa katika familia hii. Miaka ishirini na miwili nimekaa juu ya ndoo katika mashua ile, usukani sijawahi kuugusa. Inaniuma, nisiseme uongo.

Mpinzani ni mmoja tu: shemeji yangu Lowell, kaka yake mke wangu Verna. Ananiita Delbert wa Ndoo mbele za watu. Ana siri moja, nayo naijua. Hapa ziwa Keuka trauti wanalala chini kabisa, na waya wa shaba tunaovulia unazama kadiri unavyouachia nyuma ya mashua. Anayejua ameachia futi ngapi, huyo anakula samaki. Basi nitajua. Mashua ni yangu.

Jumanne, 20 Mei

Nimejificha kwenye mizabibu ya mteremkoni na darubini. Lowell akaachia waya kwa mikono, pima baada ya pima, huku mashua ikienda taratibu. Nimehesabu sitini. Siri imetoka!

Mchana nikaazima mtumbwi wa jirani, nikaachia pima sitini zilezile. Sikupata hata gamba. Nimemweleza Verna jioni. Akasema Lowell ana mikono kama ngazi, pima yake moja ni yangu moja na robo. Sikuwa nimemwomba ushauri. Ila nimeona mwenyewe kwamba mikono si kipimo cha mtu makini.

Jumatano, 21 Mei

Leo akili imefunguka. Nimeteremsha gramafoni ya bibi kutoka darini. Wazee wa ziwa hili walikuwa wakizungushia waya wao kwa mashine za gramafoni, kwa hiyo sijavunja mila, nimevunja gramafoni tu. Nimeng'oa sahani ya juu, nikafunga pipa dogo la mbao mahali pake. Kisha nikalipima pipa likiwa tupu: mzunguko mmoja, futi mbili kamili. Mizunguko mia na hamsini, futi mia tatu, ndiyo hesabu yangu ya pima sitini za Lowell. Nani atanibishia?

Nimezungushia waya wote, tabaka juu ya tabaka. Verna alisimama mlangoni na unga mikononi, akauliza kama pipa halinenepi kadiri waya unavyojaa. Nikamwambia hesabu si pai ya zabibu. Akarudi jikoni akicheka peke yake. Wivu.

Ijumaa, 23 Mei

Mbinu ya vita. Mgahawani, wakati wa samaki wa Ijumaa, niliangusha karatasi karibu na kiti cha Lowell. Nimeandika "SIRI: pima mia mbili" kwa herufi kubwa. Akiifuata, atavua matope mpaka Krismasi.

Aliiokota, akaisoma, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba. Akanishukuru kwa sauti. Mgahawa mzima ukacheka. Wacheke tu, siku zao zinahesabika.

Jumapili, 25 Mei

Nimenunua rangi ya buluu na brashi nyembamba. Ubavuni mwa mashua pataandikwa DELBERT. Verna akaniuliza tena habari za pipa. Nimemwonea huruma, nikamwambia kesho aende na baba yake apunge upepo.

Jumatatu, 26 Mei

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa majini. Nikaachia waya huku nikihesabu kwa sauti. Mia na hamsini. Futi mia tatu! Haikupita dakika moja, waya ukakazika mpaka mtumbwi ukasimama.

Nikamwita Lowell kwenye redio, nikawaita na wengine wote, waje washuhudie. Nikavuta nusu saa. Mgongo ukalia. Mashua saba zikanizunguka. Samaki hakusogea hata kidogo, jambo lililonipa moyo.

Lowell akasogea, akautazama waya, akalitazama pipa. "Delbert, hizo ni futi mia tano, si mia tatu," akasema. "Kijiko chako cha chambo kimenasa chini, ndugu yangu. Unaivuta Marekani nzima hiyo."

Nikavuta tena kumwonyesha. Waya ukakatika, nikatumbukia majini.

Mizani ilikuwa gatini saa sita. Lowell, ratili tisa. Ndipo Verna akashuka kutoka mashua ya baba yake akiwa amemkumbatia samaki kama mtoto mchanga. Ratili kumi na nne! Watu wakamuuliza ameachia futi ngapi. Akasema hajui. Ameachia tu mpaka risasi ya kuzamishia waya ikagonga chini, akaisikia kidoleni, akaipandisha kidogo, basi. Ndivyo baba yake alivyomfundisha kabla hajajua kusoma.

Mzee Hobart akamkabidhi kamba ya mashua. Akafuta macho. Nilipiga makofi mimi pia. Nilikuwa nimelowa, hakuna aliyejua ni maji gani usoni.

Jumanne, 27 Mei

Verna ametumia rangi yangu. Ubavuni pameandikwa VERNA, na rangi imebaki. Amesema nafasi yangu ipo, ile ile ya siku zote, na ndoo ameiosha. Jumamosi atanipa usukani, mradi kwanza nijifunze kusikiliza waya kwa kidole. Nimemshukuru. Ni mwanamke mwema, ila kubahatisha si elimu.

Nimekaa nikafikiri kwa kina, na kosa nimeliona. Pipa lilikuwa dogo mno. Likiwa kubwa, Lowell hatakuwa na la kusema.

Verna yuko ziwani na baba yake mpaka adhuhuri. Nimeshaifungua mashine ya kufulia. Pipa lake ni zuri sana, la chuma, linang'aa. Nimelipima likiwa tupu: mzunguko mmoja, futi tano kamili.